Kumbukumbu ya Fundi Ofwono, Aliyecheza Mpira Siku Mtoto Alipopotea

Mwaka umezunguka, Baba, tangu mwezi ule wa mvua tulipokulaza Iyolwa kando ya wazee wako. Majani juu ya kaburi nimeyang'oa kwa mkono. Jembe nililiacha nyumbani, maana wewe kelele hukuzipenda.

Wasomaji wa gazeti wasishangae picha ya hapo juu, ule mkono ulioko begani kwako. Ni mkono wa golikipa. Tumeikata kutoka picha ya timu kwa sababu nyingine hatuna. Kila mpiga picha alipofika Busia, wewe ulikuwa uwanjani.

Jumamosi hii padri atakusomea misa. Watu watakula, watacheka, watakusifu. Lakini mimi nimeanza kukuandikia nikiwa na roho mkononi, na wewe unajua sababu, kama huko uliko habari zinafika. Siku ya mazishi, udongo haujakauka, Mjomba Patroba alisimama mbele ya watu wote. Ni kaka yake marehemu Mama, Msamia wa ng'ambo, upande wa Kenya. Alikuwa keya, askari wa Mwingereza, akapigana vita vya Bama, akarudi na mkanda wa jeshi ambao hajauvua mpaka leo. Akaninyoshea kidole, akasema:

"Huyu binti namwachia mwaka mmoja. Mwaka ukiisha nitakuja kutazama. Nikikuta nyumba hii imekuwa uwanja kama alivyoiacha baba yao, hawa wavulana wawili nawachukua kwangu, nikawafundishe kuwa watu."

Baba zangu wadogo walitazama viatu vyao. Mwaka ndio huu, umekwisha.

Nataka niseme ulivyokuwa, wasiokujua wasikie.

Ulikuwa fundi viatu pale Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na kizuizi cha barabara. Lakini viatu vilikuwa kazi ya asubuhi. Kazi ya roho yako ilikuwa mipira. Timu za pande zote mbili zilikuletea mipira yao ya ngozi iliyopasuka. Ulifungua kamba, ukatoa blada, ukaizamisha katika beseni la maji ukitafuta mapovu yanatoka wapi. Ukishona, mpira uliubana kifuani kama mtu anayembembeleza mtoto. Mama alisema, "Huyo ni mke mwenzangu, ila yeye hapiki."

Jua likipungua ulifunga kibanda, ukatundika buti shingoni, ukaenda. Ulicheza katikati, mbele ya mabeki, mtu mrefu asiye na haraka. Hata mpira ukiwa karibu na goli letu, wewe ulitembea. Watu wakapiga kelele, "Fundi, kimbia!" Ukajibu kwa Kiswahili chako cha kibandani, "Mpira ndio nakimbia. Mimi namngoja."

Basi ndivyo watu walivyokuhesabu, wewe na wenzako wote. Wachuuzi wa ng'ambo wanaovuka kila asubuhi na samaki walisema, "Wababa wa upande wa Tororo hawalei. Wao ni mpira na pombe ya wimbi, mtoto analelewa na mvua." Watu wetu nao hawakunyamaza: "Na nyinyi? Baba wa Kisamia akikohoa, hata mbwa anasimama wima. Watoto wenu wanajua mkanda kabla ya kujua kusali." Wakacheka, wakanunuliana chai, kesho wakaanza tena.

Mimi nauza mandazi pale njiani, na kazi ya mandazi ni kutazama watu. Nimemwona Msamia amembeba mwanawe mgonjwa mgongoni kwa kitenge kama mwanamke, akivuka mpaka bila kuona haya. Nimemwona Mpadhola wa kwetu akimchapa mtoto kwa waya wa breki. Mpaka ulichorwa na serikali, tabia haikuulizwa. Lakini maneno ya sokoni yana miguu, Baba. Yalikufuata mpaka mlangoni.

Ni kweli hukutuchapa. Ni kweli ulicheka wakati baba wengine wanafungua mkanda. Siku ile mdogo wangu Othieno alipokata ngozi ya kiatu cha mteja ili atengeneze manati, nilijificha nyuma ya mlango kungoja kilio. Wewe ulikigeuza kile kiatu huku na huku, ukacheka, ukasema manati ni nzuri. Kisha ukasema, "Haya. Nakwenda wawili kwa mwenye kiatu. Wewe nasema, mimi nasimama."

Othieno alisimama mbele ya yule mzee mwenye kiatu, akasema mwenyewe, wewe ukiwa nyuma yake kimya kama mti. Kisha akakaa kibandani mwako siku baada ya siku, wenzake wakicheza, mpaka kile kiatu kikapona. Aliniambia, "Loy, afadhali angenichapa." Lakini hilo watu hawakuliona. Walichoona ni fundi na mwanawe wanarudi njiani wanacheka.

Na mimi mtoto wa kike ulinifundisha kupiga pasi. Mama aligomba siku nzima. Ukamwambia, "Felistus, hii pia ni miguu."

Mama alifariki akimzaa Odwori, mwaka ule Kenya walipopata uhuru wao. Mimi niliacha shule darasa la sita nikambeba mtoto. Matanga hayajaanuliwa, Mjomba Patroba akavuka na wazee wawili wa kwao. Hakukaa kwenye kiti ulichompa.

"Ofwono," akasema, "watoto wa dada yangu hawatalelewa na mvua."

"Shemeji, kaa kwanza. Chai iko."

"Sikuja kunywa chai."

Mlizungumza, yaani yeye alizungumza. Mwisho ukasema, "Mchukue Othieno, msimu mmoja. Mtoto ana haki ya kujua wajomba." Mjomba alitoka na Othieno amemshika mkono kwa juu, kama mtu anavyoshika jogoo. Wewe uliketi ukashona mpira. Ukaufumua. Ukaushona tena palepale. Nilikuona.

Sasa niseme siku yenyewe, maana watu wengi wa Busia wanaijua nusu.

Zilikuwa mvua za mwaka uliofuata. Mto unaoitwa Sio ulifurika, maji yakatambaa mpaka ndani ya matete. Msimu uliotangulia yalikuwa yamemchukua mtoto mmoja mchungaji, akaonekana maiti, chini kabisa huko. Adhuhuri akafika mtu wa ng'ambo na baiskeli, matope mpaka shingoni.

"Fundi! Mtoto wako amepotea tangu asubuhi. Ng'ombe wa Patroba aliowachunga wameingia shamba la Mama Alungat, wamemaliza karanga, wameng'oa na muhogo. Mtoto kuona hivyo akakimbilia matete. Wanamtafuta, hatoki."

Uliweka sindano chini. Ukachukua mpira wa watu uliokuwa umeumaliza kuushona dakika ile, ukaubana kwapani. Odwori nilimtupia jirani, nikakufuata nikikimbia. Nilipokufikia ulikuwa unatembea. Baba, siku ile tu ndipo nilipouchukia mwendo wako.

"Baba, kimbia!"

"Nyara," ukaniambia, yaani binti yangu, "nikifika bila pumzi, nitamwita na nini?"

Tulikuta wanaume wameingia matete na fimbo, wanayapiga huku na huku kama watu wanaofukuza nguruwe mwitu. Mjomba alikuwa mbele, mkanda umezungushwa mkononi, chuma cha mkanda kinaning'inia.

"Othieno! Toka! Ukitoka mwenyewe nitakuchapa kidogo. Nikikutoa mimi, utaona!"

Na kila alipopiga kelele, mbali kule, matete yalitikisika. Yalitikisika upande wa maji. Nilitazama uso wako nikajua na wewe umeona.

"Wanamsukuma," ulisema polepole. Kisha ukamwendea Mjomba. "Shemeji, toa watu wako."

"Nitoe watu? Mtoto yuko majini!"

"Mimi nilikuwa na ndugu, Ofumbi. Alipoteza mtamba wa mzee. Akasikia mzee nakuja na fimbo, akakimbia. Mama yetu alikufa akimngoja. Mpaka leo hajarudi, hatujui kama ni mzima. Toa watu wako, shemeji."

Habari za Ofumbi sikuwahi kuzisikia, na sikuzisikia tena.

"Hadithi ya ndugu yako utanipa mtoto akishatoka," Mjomba akasema, akageuka. "Othieno! Nitahesabu!"

Matete yakatikisika tena, mbali zaidi.

Wewe hukubishana. Uliondoka, ukaenda mpaka malishoni, pale majani yamekatwa na ng'ombe, ukauweka mpira chini. Ukaupiga. Tu! Ngozi mpya ililia kama ngoma. Ukaufuata kwa mwendo wako uleule, ukaupiga tena. Tu!

Baba, kelele zilizotoka hapo. "Tazameni! Si tulisema? Mtoto anakufa maji, baba anacheza mpira!" "Tororo hiyo!" Mwanamke mmoja alipiga makofi, akashika kichwa, akamwita Mungu aje ajionee. Mjomba alitoka matopeni mbio, nikafikiri atakupiga wewe.

"Ofwono! Una wazimu?"

"Loy," ukaniita, kama hukumsikia, "simama kule. Nipe pasi."

Nilisimama. Nitakuambia ukweli, nilisimama kwa sababu niliiona mikono yako. Kinywa kilikuwa kinacheka, mikono ilikuwa inasokota shati kama kamba.

Ndipo Mama Alungat alipokuja, mjane wa Kiteso, mwenye lile shamba lililoliwa. Alikuwa na jembe begani. Alimtazama Mjomba toka viatu mpaka kofia.

"Patroba, shamba ni la nani?"

"Lako, mama."

"Na karanga zilizoliwa?"

"Zako. Ndiyo maana huyu mtoto lazima—"

"Basi hasira ni yangu. Na mimi nimechoka kusimama. Wewe unakasirika kwa niaba ya nani? Waite watu wako wakae chini, wamejaa ruba miguuni."

Wanaume wale walikuwa wanangoja mtu wa kusema hivyo. Walitoka mmojammoja, wakakaa kwenye nyasi wakibandua ruba. Mjomba hakukaa. Lakini alinyamaza, na matete nayo yakatulia. Ikawa hakuna sauti ila maji na mpira wako.

Ukaanza kutangaza, kwa sauti kubwa, ile sauti ya kuchekesha uliyotumia uwanjani watoto wakiwa wengi:

"Fundi nampa Loy! Loy nampa Fundi! Fundi natazama kulia... kulia nani iko? Kulia hakuna mtu! Timu gani hii haina mtu wa kulia?"

Kulia ndiko Othieno alikocheza siku zote. Wewe uliupiga mpira hukohuko kulia, mahali patupu, ukabingirika mpaka ukaishiwa nguvu. Ukaufuata taratibu, ukaurudisha. "Loy, tunafungwa leo. Loy, hata nyanya yako angekimbia kuliko wewe." Nami nilikosa mpira kweli, machozi yamenijaa, ukacheka mpaka wale wanaume nao wakacheka kidogo, wakajuta kucheka.

Jua lilisogea. Shati lako lilikuwa maji matupu. Kila mara mpira ulienda kulia, kila mara karibu zaidi na matete. Maji yalikuwa yanapanda. Nilikuwa nimeweka alama kwa macho, kijiti kilichosimama mwanzoni mwa matete, na kile kijiti sikukiona tena. Nilitaka kukuambia. Nilikutazama, nikaona unajua.

Mara ya mwisho uliupiga ukaingia ndani kabisa ya matete. Hukuufuata. Ulikaa chini kwenye nyasi, mgongo ukauelekeza huko, ukaanza kufungua kamba za buti.

"Tumemaliza?" nikakuuliza.

"Nyamaza, nyara. Kaa."

Nikakaa. Mjomba alikuwa amesimama pembeni yetu, nasikia anavyovuta pumzi. Mama Alungat alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mdudu aliimba, akanyamaza. Sijawahi kukaa mahali kimya vile, hata kanisani.

Kisha mpira ukarudi.

Ulitoka kwenye matete unabingirika polepole, umejaa matope, ukaja ukagusa nyonga yako. Hukugeuka. Ulisema tu, bila kupaza sauti, "Pasi nzuri. Ila umechelewa."

Othieno alitoka nyuma yake. Matope yalikuwa yamefika kifuani, midomo imekuwa ya kijivu. Alimwona Mjomba, akasimama. Nafikiri kama mtu yeyote angekohoa pale, mtoto angerudi majini.

Mjomba aliinua mkono wenye mkanda. "Mchape wewe," akakuambia, "mbele ya watu hawa. Au nimchape mimi."

Uliinuka. Ulisimama katikati yao, si kwa ukali, kama mtu aliyesimama tu mahali.

"Othieno," ukasema, "ng'ombe wamekula nini?"

"Karanga. Na muhogo."

"Ya nani?"

"Ya huyu mama."

"Mwambie."

Akamwambia, meno yakigongana. Mama Alungat alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Mtapanda tena."

"Tutapanda," ukasema.

Mjomba alitema mate chini. "Ofwono, wewe hujamlea huyu mtoto. Umemchezesha. Siku ukifa, nitaanza upya."

Ulimvulia Othieno shati lako lililolowa jasho, kama kwamba hilo lingempa joto, mkaenda.

Na hii ndiyo nusu ambayo Busia hawaijui. Mlilima shamba la Mama Alungat wewe na Othieno mpaka karanga zikatoa maua. Mlivuka alfajiri mkarudi na jua kichwani, kisha ukaingia kibandani kushona viatu vya watu. Timu ilicheza na watu wa Tororo mjini bila wewe, ikafungwa vibaya sana, wakakulaumu hadharani. Uliwaambia, "Mimi iko na mechi ingine." Mikono yako ilipasuka kwa jembe, sindano ikawa inakuumiza. Sikukusikia hata siku moja ukimwambia Othieno kwamba ni kwa ajili yake.

Mjomba hakumtaka Othieno tena, wala hakuvuka kwetu, mpaka siku ulipofariki kwa ugonjwa wa kifua. Alikuja na maneno yake yaleyale, aliyokuwa ameyahifadhi.

Baba, mwaka huu nimeogopa kila siku. Othieno sasa ni kijana, anakaa kwenye kibanda chako na sindano yako, na jioni anaenda uwanjani, nami simkatazi. Odwori anapanda ukuta, paa, kila kitu kinachopandika. Majirani wameniambia, "Loy, mchape huyo, mjomba wako anakuja." Wengine wa kwetu kabisa, wale wanaowacheka Wasamia kwa mkanda, wameniletea fimbo mlangoni. Nilizichukua, nikashukuru, nikapikia.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa, kumbe Mjomba hakungoja Jumamosi. Alikuja Jumanne, peke yake, na baiskeli. Amezeeka. Alipumzika mara mbili kutoka njiani mpaka mlangoni, lakini mkanda aliuvaa. Baiskeli aliiegemeza ukutani, akaifuta taa ya mbele kwa leso. Ile taa ni fahari yake, kila mtu wa ng'ambo anajua. Alikaa, akatazama nyumba: sakafu, vyungu, buti zako ukutani.

"Wavulana wako wapi?"

"Othieno huyu anakuja kutoka kibandani. Odwori yuko nje, Mjomba."

"Nje wapi?"

"Nje tu."

"Kama baba yake," akasema.

Nilimimina chai. Othieno akaingia, akamwamkia kwa heshima, akakaa karibu na mlango, nikaona anahesabu hatua kati yake na Mjomba. Tukasikia kishindo nje. Chuma, kisha kioo.

Mjomba aliweka kikombe chini. Othieno akanyanyuka. Nilimtazama nikamwambia kwa macho, kaa. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Moyoni nilikuwa nasema, Odwori, mtoto wa mama, umetumaliza. Nilijua anaweza kukimbia. Nyuma ya nyumba kuna mahindi, na nyuma ya mahindi kuna njia ya mtoni, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

Mlango ukafunguka. Odwori akaingia, goti linatoka damu, ameikumbatia taa ya baiskeli, haina kioo. Alimwona Mjomba. Aliuona na mkanda. Akatembea mpaka mbele yake.

"Mjomba, nimeipanda baiskeli yako. Nimeanguka. Taa imekufa."

Mkono wa Mjomba ulikuwa kiunoni, kwenye kile chuma. Ulikaa hapo.

"Kwa nini hukukimbia?" Mjomba akauliza.

Odwori alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Niende wapi? Chakula kiko hapa."

Mjomba alimtazama mtoto yule, hata nikaona amesahau kwamba sisi tupo. Sijui alikuwa anamwona nani. Kisha mkono ukatoka kiunoni. Akaomba maji, si ya kunywa. Aliinama kwa taabu, akaliosha lile goti mwenyewe, akalifunga kwa leso aliyofutia taa. Odwori akalalamika kwamba amekaza sana. Akalegeza.

"Utakuja kwangu," akamwambia, na mimi nikaweka birika chini. "Utakuja na kaka yako, mnisaidie kupalilia. Mpaka taa ipatikane. Jioni mnarudi kwa dada yenu."

"Ndiyo, Mjomba."

Alikunywa chai yake iliyopoa. Alipotoka alisimama mlangoni, mgongo umenielekea.

"Jumamosi nitakuja kwa misa. Nitakuja peke yangu, nitarudi peke yangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wanasema utaandika gazetini."

"Ndiyo, Mjomba. Bado majina."

"Langu liweke."

Nikamuuliza, "Niandike wewe ni nani wake?"

Alifikiri sana. Aliisukuma baiskeli yake isiyo na taa mpaka njiani, kisha akasimama.

"Andika shemeji yake."

Basi, Baba, wanaokukumbuka ni hawa: binti yako Loy, wanao Othieno na Odwori, ndugu zako wote wa Iyolwa, Mama Alungat, ambaye ametuma karanga, wachezaji wenzako wa pande zote mbili za mpaka, na Patroba, shemeji yako.

Hatutakusahau, leo wala siku zote.